Labu na Namtoki

Mvua ya Tukuyu haina adabu ya kubisha hodi.
Ilikwisha ingia, kwenye kuni, kwenye chumvi,
nilipoweka kikaango kikavu juu ya mafiga
na kumwaga mchele wa Kyela, konzi moja,
bila mafuta, bila maji, bila nia ya wali.

Shangazi Syabumi alinifunza: usiondoke.
Ukianza kunukia kama bisi, koroga.
Ukifika rangi ya udongo wa Tunduru, epua.
Udongo huo aliujua. Miaka minne
aliwapikia wanunuzi wa mawe kutoka Tailandi,
watu waliolishika jiwe la buluu kwa koleo dogo,
wakalitazama kama daktari atazamavyo jicho,
na kununa siku nzima wakikosa mnanaa.

Kisha kinu. Twanga, usisage:
ulimi ukutane na changarawe, si na unga.

Hapa njia zinaachana.

Labu ni ya visu viwili.
Nyama ya bucha la Gwamaka juu ya gogo,
kushoto, kulia, taka-taka, taka-taka,
mpaka isijue tena ilikuwa paja au bega.
Majirani wanadhani nagombana na mtu.
Supu kidogo sufuriani, nyama ipite tu,
ipauke, itoke. Ndimu. Pilipili kichaa.
Na maji ya dagaa wa Matema, niliowalaza
katika chumvi miezi mitatu nyuma ya nyumba
hadi mume wangu akatishia kuhamia kwa dada yake.

Bwana Wirati aliila labu asubuhi
kabla ya kwenda kununua jiwe kubwa,
maana jina lake, kwao, husikika kama neno la bahati.
Akala, akalamba vidole, akaenda, akalipa.
Jiwe likawa kipande cha chupa.
"Yanasikika sawa," alisema shangazi,
"lakini waliniambia hayaandikwi sawa.
Bahati nayo inajua kusoma."

Namtoki haitaki visu viwili.
Sarara nzima juu ya makaa, igeuze mara moja.
Ikianza kutoa jasho, matone yakilia tsss motoni,
iondoe ingali nyekundu moyoni,
uikate mshazari, vipande vyembamba kama ulimi wa paka.
Maana yake maporomoko: maji yaangukayo.
Nilimwambia shangazi, sisi tunayo ya Kaporogwe
na hajatokea mtu akayala.
Alicheka mpaka nikampigapiga mgongoni.

Baada ya hapo ni yale yale:
vitunguu, ndimu, mnanaa, ule mchele.
Kwa hiyo nilidhani ni mapacha,
mmoja kanyolewa, mwingine kaachwa na nywele zake.

Leo nimemwekea sahani mbili.
Mzee Ambakisye wa jirani amechungulia mlangoni,
akauliza kama nyama hiyo ina mafua,
mbona inapewa ndimu na majani,
akakubali kuonja, akaonja tena, akaomba ugali.

Shangazi ana meno matatu, mawili hayaonani.
Nikamsogezea labu. Ilikuwa akili ya kawaida:
iliyokatwakatwa imekwisha tafunwa nusu.
Akala vijiko viwili, kwa heshima.
Halafu mkono wake ukavuka meza,
ukachukua kipande cha namtoki,
akakifyonza macho yakiwa yamefumba, muda mrefu,
akakirudisha ukingoni mwa sahani, kimepauka.
Akachukua kingine.

"Labu niliwapikia wao," alisema.
"Hii nilijipikia mimi,
wakishalala, kwa makaa yaliyobaki."

Sikuuliza nyama ilitoka wapi.
Ukingoni vipande vilifika saba, vimejipanga,
na jani la mnanaa limemganda kwenye kidevu,
na mvua, kama kawaida yake, haikuwa inasikiliza.